Tuwalipe mafundi kwa kutazama, si kwa kufungua tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mafundi wa magari wa Pemba ni wezi, kwa sababu alipeleka gari yake gereji mara tatu kwa ajili ya oili inayovuja na mara tatu akarudi nayo inavuja vilevile. Barua yake nimeisoma mara mbili. Yaliyomfika yeye yamenifika na mimi, tena mwaka huuhuu, na huenda pesa zilizonitoka zimezidi zake. Lakini mimi sikuuona wizi. Niliona jambo jengine, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1987, nikafanya uuguzi na ukunga hapa Pemba kwa miaka 34, na sasa niko nyumbani Wete. Gari yangu ni ndogo, ya petroli, ya mwaka 1998, nimeinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine kabla yangu. Naendea sokoni, naendea Chake Chake kwa shughuli zangu, na mara mbili tatu kwa mwezi nashuka nayo bandari ya Mkoani kupokea wageni wa meli. Na majirani bado wananigongea mlango usiku mzazi akishikwa na uchungu. Gari hiyo ndiyo inayompeleka hospitali. Kwa hiyo ikinitia wasiwasi, najiuliza nani atakuwa kiti cha nyuma siku itakaponikatalia njiani.

Ilianza msimu wa karafuu. Tulikuwa tumeanika uwani juu ya majamvi, na gari nimeiegesha pembeni. Asubuhi nikakuta doa jeusi la ukubwa wa kisahani cha kikombe, limebakisha shubiri moja kulifikia jamvi. Anayejua karafuu anajua zinavyoshika harufu ya kitu kilicho karibu yake. Nikahamisha majamvi yote kabla sijanywa chai. Siku ya pili yake nikatazama, pakavu. Ya tatu, pakavu. Ya tano, doa limerudi. Ndiyo adha ya uvujaji wa namna hii, haupo siku unapoutafuta. Nilipompelekea fundi wa kwanza ilikuwa siku ya ukavu, akanambia, "Leo haivuji, mama. Ikivuja niletee." Ilipovuja nikamletea, na ilipofika kwake ikawa imeshaacha.

Mara ya tatu akalala chini ya gari, akapitisha mkono pale injini inapoungana na giaboksi, akautoa umerowa. "Sili ya nyuma ya krenki hii. Gari ya umri huu, lazima." Sili hiyo, pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapotokea nyuma, haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe. Ilishushwa, kazi ya siku moja na nusu, shilingi 150,000 za mikono mbali na vifaa. Siku 12 nikawa nafurahi. Siku ya 13 nimerudi kutoka Mkoani, asubuhi doa liko palepale.

Fundi wa pili akasema ni gasketi ya sampu, yaani kizibo cha maungio ya lile bakuli la oili la chini ya injini, akaibadilisha. Haikusaidia. Akanishauri niwe naongeza oili tu, gari imezeeka. Mtu mwengine akaniuzia chupa ya dawa ya kuzuia kuvuja, ya kumimina ndani ya injini. Dawa hizo zinalainisha mpira uliokakamaa, na pengine zinasaidia pahala ambapo mpira umekakamaa tu. Kitu kilichopasuka hazikishoni.

Hapa nataka nieleze kwa nini sikuwaona wale mafundi wawili kuwa wezi. Nilipoanza uuguzi, mtoto akija na homa alipewa klorokwini. Hakuna aliyemtoboa kidole kwanza, kwetu kila homa ilikuwa ni malaria. Tulifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na mara nyingi ilikuwa malaria kweli, ndiyo maana tabia ile ikaota mizizi. Lakini walikuwepo watoto wenye nimonia waliorudishwa nyumbani na vidonge vya malaria, na mimi ni miongoni mwa waliowapa. Mwaka 2003 Zanzibar ikaacha klorokwini na kuanza dawa mseto, na baadaye vikatufikia vipimo vya haraka vya damu ya kidoleni. Tukafundishwa upya, mgonjwa apimwe kwanza. Baadhi yetu tuliona ni kupoteza wakati, foleni imejaa na mama analia umpe mwanawe dawa. Baada ya muda tukaona tofauti kwa macho yetu wenyewe.

Sasa yule fundi wa sili ya nyuma alikuwa pale nilipokuwa mimi na klorokwini yangu. Sili ya nyuma inavuja kweli katika magari mengi ya zamani. Mkono wake ulirowa kweli. Kilichokosekana ni kipimo.

Kwa hiyo nikaamua kuifungulia gari yangu daftari, kama karatasi ya mgonjwa wa wodini. Kila asubuhi, gari ikiwa pahala tambarare na injini imelala usiku kucha, nilichomoa stiki ya kupimia oili, nikaipangusa kwa kitambaa cheupe, nikairudisha mpaka mwisho, nikaichomoa tena na kuandika imefika wapi. Usiku nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, nikalitia alama za magurudumu ili kila siku likae palepale. Niliandika pia jana yake gari ilikwenda wapi. Rangi ya matone niliitazama kwenye pamba nyeupe, kwa sababu si kila kinachotona chini ya gari ni oili ya injini. Ikiwa nyekundu, huenda ni ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi. Yangu ilikuwa kahawia iliyoiva, sawasawa na ya kwenye stiki.

Wiki sita zilitosha. Siku gari ilipolala bila kutumika, boksi lilikuwa safi na stiki haikushuka. Siku za sokoni na za kuzunguka Wete, hivyo hivyo. Siku zinazofuata safari ya Chake, matone matatu manne. Zinazofuata safari ya Mkoani, doa zima, na stiki imeshuka waziwazi. Katika magari mengi, kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja, kwa hiyo mtu anaweza kukisia kilichopotea bila ya kubahatisha sana.

Daftari nikalipeleka kwa kijana mmoja mwenye gereji chini ya muembe, nje kidogo ya mji. Nilimkuta anakunywa uji. Akaniamkia shikamoo, akalisoma daftari amesimama, ukurasa kwa ukurasa, uji ukapoa. Kisha akanieleza kitu ambacho nilikuwa nimekiandika kwa mkono wangu bila ya kukiona.

"Mama, injini ikizimwa, oili karibu yote inashuka ikakaa kwenye sampu. Ingekuwa sampu ina tundu, au gasketi yake imekufa, ingetona hata siku gari imelala. Yako ikilala haitoni. Inatona ikifanyishwa kazi. Basi tutafute kule oili inakopita kwa presha, juu, si chini."

Nikamuuliza kwa nini basi natandika boksi usiku na matone yanaonekana asubuhi, gari imesimama. Akasema yale ni mabaki. Oili imetoka njiani, imerowesha ubavu wa injini na kifuniko cha chini, usiku kucha inashuka polepole. Na safari fupi za mjini zinatoa kidogo tu, kinashikwa na uchafu ulioganda kwenye injini kabla ya kufika chini.

Hakushika spana. Alisema hawezi kutafuta chochote kwenye injini ile ilivyokuwa, na ni kweli, ilikuwa imevaa ngozi ya pili ya oili na vumbi la miaka. Injini ikiwa imepoa, akavifunika vifaa vya umeme, distributa na alternata, kwa mifuko ya plastiki, akaanza kuisugua kwa brashi na mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, huku ameweka chombo cha kukingia chini ili oili chafu isiingie ardhini. (Nilimpenda kwa hilo peke yake. Maji yetu ya kunywa yanatoka ardhini, na nimeona gereji zinazomwaga oili chafu nyuma ya ua kana kwamba haina pa kufika.) Saa mbili nzima ilikuwa kuosha na kukausha. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikamtazama, na nakiri kwamba nilianza kuhesabu muda, kama wale mama wa foleni yangu.

Alipomaliza akanambia anahitaji poda. Nikampa ya watoto wachanga, sikosi mkobani. Aliipuliza kila upande wa injini mpaka ikawa nyeupe kama andazi lililonyunyiziwa unga. Maana yake ni kwamba oili ikipita juu ya poda inaacha mstari wa kahawia, na mstari una mwanzo.

Tuliiwasha injini ikanguruma pale pale robo saa nzima. Hakuna kitu. Poda nyeupe pepepe. Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na ndipo na mimi ningekata. Yeye akafunga boneti, akapanda, akanambia tuelekee Konde, na kwenye miinuko nisiharakishe kupandisha gia, niache injini ilie. Pemba haikosi miinuko. Wageni kutoka Unguja wakija na magari yao wanashangaa gari iliyokuwa kavu kule inaanza kutona huku, nao wanazilaumu barabara zetu, kumbe mlima umeonyesha tu kilichokuwepo. Tulikwenda na kurudi. Niliposimama tu nikasikia ile harufu ya oili ikiunguzwa na joto.

Akafungua boneti, akachukua tochi na kikioo kidogo cha mviringo chenye mpini, kama cha daktari wa meno. Ubavuni kwa injini, chini kabisa kwenye maungio ya giaboksi, palepale mkono wa fundi wa kwanza uliporowa, poda ilikuwa imeshakuwa tope. Akaufuata mstari kwenda juu kwa kikioo, taratibu. Mstari ukapanda, ukapinda nyuma ya bomba, ukapotea, akaupata tena. Ukaishia karibu na filta ya oili, kwenye kitu kidogo kisichozidi kidole gumba, chenye waya mmoja kichwani. Juu ya hapo poda ilikuwa kavu na nyeupe. Akanikabidhi tochi na kikioo nijionee. Kisha akachomoa soketi ya ule waya, akaigeuza, na ndani ya soketi mlikuwa mmejaa oili kama kifuniko cha chupa ya dawa.

Ile ni swichi ya presha ya oili, inayowasha ile taa nyekundu yenye alama ya birika kwenye dashibodi. Upande mmoja inapokea oili yenye presha, upande wa pili ina umeme, na katikati kuna kiwambo chembamba. Kiwambo kimepasuka kwa uzee na joto. Injini ikinguruma pale pale presha ni ndogo, haipenyi kitu cha kuonekana. Injini ikizungushwa kwa nguvu kwenye mlima, presha inapanda, oili inapenya kwenye mpasuko, inatokea kwenye soketi, inafuata waya, inateremka ubavuni, na upepo wa chini ya gari unaisukuma nyuma mpaka kwenye giaboksi. Fundi wa kwanza aliishika njia ilipoishia. Hakuifuata ilikoanzia, na hakuna aliyemlipa aifuate.

Kabla ya kufunga swichi mpya kijana alifanya jambo moja zaidi ambalo natamani kila mwenye gari kuukuu alijue. Alichomoa kijivalvu cha kupumulia injini, kilichokaa kwenye kifuniko cha juu, akakitikisa sikioni. Kizima kinacheza ndani na kutoa mlio. Changu kilitoa mlio mzito, akakiosha kwa petroli mpaka kikalia vizuri. Kikiziba, hewa inayopenya kwenye ringi za pistoni inakosa pa kutokea, presha inajaa ndani ya injini na kuisukuma oili nje kupitia sili na gasketi, hata zikiwa mpya. Wapo wanaobadilisha gasketi kila mwaka na tatizo lao ni hicho. Alinionyesha na kipimo chake: injini ikinguruma taratibu, unafungua mfuniko wa kutilia oili na kuweka juu ya tundu karatasi nyepesi. Ikivutwa kidogo kwenda chini, injini inapumua. Ikirushwa juu, presha imejaa na lazima ijulikane kwa nini.

Swichi mpya ilifungwa kwa dakika 20. Nikamuuliza bei. Akanitajia bei ya swichi na shilingi 5,000 za kuifunga.

"Na kutazama, mwanangu?"

"Kutazama si kazi, mama."

Ndugu Mhariri, maneno hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi, si oili. Kijana alifanya kazi tokea saa tatu asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Kufunga swichi kulikuwa dakika 20 kati ya hizo. Aliyenishushia giaboksi bila ya sababu nilimlipa 150,000 na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu jasho lake lilionekana na giaboksi ilikuwa chini. Aliyeukuta ugonjwa wenyewe aliona haya kudai malipo. Nilimpa 40,000 na nililazimika kumwekea mfukoni.

Kwa utaratibu huu sisi wenyewe wateja tunawafundisha mafundi kukisia. Fundi anayetumia nusu siku kuosha na kupulizia poda analala njaa. Anayefungua giaboksi kwa kubahatisha analisha watoto wake. Tukimwita mwizi tunamwonea, na kesho tunampelekea gari nyengine kwa masharti yaleyale.

Kwa hiyo nina maombi. Wenye gereji waweke bei ya uchunguzi, itajwe mwanzo kabla ya boneti kufunguliwa, iwe yake peke yake, na mteja ailipe hata kama matengenezo atayafanya kwengine. Na sisi wateja tusiiite bei hiyo ulaji. Walimu wa vituo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Vitongoji, niwaombe kijana anayejifunza ufundi wa magari apimwe siku ya mtihani kwa kupewa gari inayovuja na kuambiwa, bila ya kufungua bolti hata moja, aonyeshe inavujia wapi na kwa nini anaamini hivyo.

Kwa yule msomaji aliyelalamika nina ushauri wa kando, kwa sababu gari yake inavuja mpaka leo. Asianze na sili ya nyuma. Aanze na daftari. Kisha aoshe, apulize poda, aiendeshe kwa namna ileile inayoifanya ivuje, na atafute pahala pa juu kabisa palipo na umaji. Huenda kwake ni gasketi ya kifuniko cha juu, ambayo oili yake nayo inateremka nyuma ya injini na kutonea palepale kwenye giaboksi. Huenda ni oringi, pete ya mpira, ya distributa. Huenda sampu imetobolewa na kutu, tunaishi kwenye chumvi. Au kweli huenda ni sili ya nyuma, na hapo atashusha giaboksi yake akiwa na yakini.

Na taa ile nyekundu asiifanye mlinzi wake. Inawaka presha ikishaanguka, na wakati huo oili inaweza kuwa imeshapungua mno, na swichi iliyopasuka kama yangu huenda isiseme kweli. Ikiwaka njiani, asimame pembeni na azime injini papo hapo, asijikaze afike nyumbani. Mlinzi ni stiki, kila wiki, na kwa gari inayovuja kila asubuhi.

Gari yangu sasa ni mwezi wa tatu. Nimeshakwenda nayo Mkoani mara saba. Kuna unyevu mdogo kwenye gasketi ya kifuniko cha juu ambao kijana ameuona na tumekubaliana tuutazame kwanza, kwa sababu hauteremki. Ameniomba abaki na swichi mbovu pamoja na daftari langu, awaonyeshe wanagenzi wake wawili. Swichi nimempa. Daftari nimemwambia angoje lijae.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba